«Bank»: ukingo, meza ya pesa na mwamba wa mgodini

Wasomaji wanne wa Lubumbashi wameuliza juu ya neno moja la Kiingereza.

Ninapeleka mizigo Ndola. Nimesoma «bank» ikitajwa pamoja na mto. Ni makosa ya chapa?

Si makosa. «Bank» ya mto ni ukingo, na ndiyo iliyotangulia: iliingia Kiingereza karibu na mwaka 1200 kutoka kwa watu wa Skandinavia, ikiwa na maana ya tuta la udongo. Ya pesa ilifuata katika karne ya 15. Tazama kineno kilicho mbele yake. «On the bank» ni ukingoni. «At the bank» au «in the bank» ni bankini. Ukimwambia mteja wa Zambia pesa ziko «on the bank», atadhani umeziacha mtoni.

Basi hiyo ya pesa ilitoka wapi?

Italia, ambako «banco» ilikuwa meza ya mbadilisha pesa, kama zile za wakambiste wetu wa barabarani. Wafaransa wakaifanya «banque», Waingereza wakaichukua kwao. Muflisi naye ni «bankrupt», kutoka «banca rotta», meza iliyovunjika. Herufi p waliichomeka baadaye ili ifanane na «ruptus» ya Kilatini. Waitalia wenyewe walikuwa wamelipokea neno hilo kutoka kwa watu wa jamii ya Kijerumani, na shina ni lilelile la ukingo. «Bench» ya Kiingereza ni la ukoo huohuo, kwa hiyo benki na benchi ni ndugu.

Mkataba wetu wa mgodini unalipa kwa «bank cubic metre». Banki inahusikaje na mawe?

Haihusiki kabisa, na hapa watu hupoteza pesa kwelikweli. Hiyo ni mita ya ujazo ya mwamba ukiwa bado mahali pake, haujachimbwa. Kwa Kifaransa «en place». Ukishalipuliwa, mawe yanaachana, hewa inaingia katikati, ujazo unaongezeka. Hiyo sasa ni «loose cubic metre», ndiyo inayojaza bene ya kamiyo.

Tuseme mwamba wenu unavimba kwa asilimia 40. Kamiyo inabeba mita 20, imefanya safari 50: jumla 1,000 za «loose». Gawanya kwa 1.4, unapata 714 za «bank». Usitoe asilimia 40 kwenye 1,000. Utapata 600 na kujipunja mita 114. Ile asilimia inahesabiwa juu ya mwamba mzima, si juu ya mawe yaliyovunjika. Na ukidai 1,000, mtopografu atapima shimo na kukukatalia. Kila mwamba una uvimbe wake, kwa hiyo hakikisheni kiwango kimeandikwa ndani ya mkataba kabla ya kamiyo ya kwanza kuondoka.

Mkikuta «bench» kwenye ramani ya mgodi, msitafute kiti: ni ngazi ya shimo, «gradin». «Bench height 10 m» ni kimo cha ngazi moja.

«You can bank on me» ni ahadi ya kukopesha?

Hapana, ni «unaweza kunitegemea». Hakuna hata faranga moja ndani yake, kwa hiyo akikuandikia hivyo mteja, omba bado malipo ya kwanza.