Skramu masta si kapita

Swali: Tuko watengenezaji wanne hapa Lubumbashi, tunaunda programu ya kuhesabu mifuko ya unga kwenye madepo ya mteja. Shefu wetu alifanya mafunzo ya siku mbili, akarudi na cheti cha skramu masta. Sasa kila asubuhi anatusimamisha karibu saa nzima, kila mtu ajieleze, kisha anagawa kazi. Mteja naye anatupigia simu mmoja mmoja, kila siku na ombi jipya. Hii ndiyo ajaili, ile njia ya kuunda programu kidogo kidogo na kurekebisha mkiendelea?
Mtengenezaji, Kamalondo

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Huyo ni kapita wa mgodini, msimamizi wa vibarua, aliyebadilishiwa jina.

Skramu ni mojawapo ya njia za ajaili. Mwongozo wa Skramu wa waanzilishi wake, Ken Schwaber na Jeff Sutherland, unapatikana bure, na toleo la 2020 halifiki hata kurasa 20. Shefu angeusoma jioni moja angeona kwamba skramu masta hamgawii mtu kazi. Anaifundisha timu njia yenyewe na kuiondolea vikwazo: kibali cha kuingia depo kilichokwama, mashine ya majaribio isiyopatikana, na hizo simu za mteja. Nani afanye nini, na vipi, mnaamua ninyi watengenezaji. Mkutano wa asubuhi nao ni wenu, dakika 15 za kupanga siku. Si mahali pa kutoa ripoti kwa mkubwa.

Pengo lenu hasa ni mwenye bidhaa. Ni mtu mmoja, si kamati, anayepanga kipi kitangulie. Mteja akitaka ripoti ya mauzo wakati hesabu ya mifuko iliyopasuka bado inakosea, aende kwake. Kama shefu anaijua biashara ya unga kuliko ninyi, kiti hicho ndicho chake. Uskramu masta amwachie mwingine. Mwongozo haukatazi mtu mmoja kushika vyote, lakini anayesukuma kazi itoke haraka atailindaje timu dhidi ya haraka yake mwenyewe?

Shefu wako simlaumu sana. Nawalaumu wauza vyeti, wanaokusanya watu ukumbini Ijumaa na kuwarudisha Jumapili wakiwa “mabingwa”. Ofisini hakibadiliki kitu ila maandishi mlangoni. Kabla ya kumlipa mwalimu wa namna hiyo, muulize swali moja: nani ana mamlaka ya kufuta sprinti, yaani kile kipindi kifupi cha kazi cha timu, katikati? Ni mwenye bidhaa peke yake. Akikujibu “skramu masta”, chukua pesa zako urudi nyumbani.