Hariri ya inzi, au mshipi?

SWALI: Jambo Mwalimu. Nauza vyombo vya uvuvi hapa Kadutu, Bukavu. Mukubwa wangu aliye Ubelgiji amenitumia katoni ya vitu vya kuvulia kwa inzi wa bandia. Kwenye makaratasi yake ya Kifaransa kamba inaitwa "soie", yaani hariri, na ziko za namna mbili: "double fuseau" na "fuseau décentré". Niliandika kwenye kibao "Hariri za inzi", watu wanapita wanacheka. Sisi tunasemaka kamba ya kuloba tu. Kiswahili sanifu kinasemaje? Na mteja nimweleze vipi tofauti ya zile mbili?

JIBU: Wana haki ya kucheka, ndugu yangu. Mimi mwenyewe niliposoma nimeona inzi waliovaa vikwembe vya sikukuu. Lakini kosa limeanzia kwa Kifaransa. Zamani kamba hizo zilisukwa kwa hariri kweli, na mvuvi alizipaka mafuta ili zielee. Baada ya Vita Kuu ya Pili zikaja za nailoni na plastiki, hariri ikaenda zake, jina likabaki. Wewe huna sababu ya kuuza hariri ambayo haimo kwenye katoni.

Neno unalolitafuta ni mshipi, wingi wake mishipi. Kamba ni ya kila kazi: ya mbuzi, ya kuanikia nguo, ya kufungia gunia la makala. Uzi ni wa fundi cherehani. Mshipi ndiyo kamba inayoingia majini ikiwa na ndoano mwishoni. Utaniambia mshipi ni kitu cha kufungia suruali. Ni kweli, huko pwani wanasema hivyo pia, ila sisi hapa Bukavu suruali tunaifunga kwa mukaba, kwa hiyo neno liko huru kwa kazi yako. Angalia tu usiandike "mshipa", maana mtu atakuja kuuliza dawa ya mgongo.

Na hiyo "kuloba" yenu usiionee haya. Majirani zetu wa Rwanda wanasema kuroba, Kilingala kinaiita ndoano ndobo, na kamusi za zamani za pwani zina kitenzi loa chenye maana ya kuvua kwa ndoano. Ni neno moja. Pwani waliimeza b, sisi tunayo bado. Kwenye kibao andika "kuvulia" ili na mgeni wa Kigoma aelewe, lakini ukiwa unaongea na mteja, loba tu.

Sasa kuna kosa dogo ambalo wengi hawalioni. Watu wanaandika "uvuvi wa inzi". Tunaposema uvuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu, sambaza ndiyo wanaokamatwa. Basi uvuvi wa inzi ni kukimbizana na inzi jikoni. Chombo au njia ya kazi inataka "kwa": kuvua kwa nyavu, kuvua kwa mshipi, kuvua kwa inzi bandia. Herufi moja inaamua nani ni mvuvi na nani ni mboga.

Nije kwenye "fuseau", ambayo ndiyo iliyonichukua muda. Kabla ya kutafuta neno, tuangalie kitu chenyewe. Mvuvi wa kawaida anafunga risasi au nati ya chuma kwenye mshipi wake, na uzito huo ndio unaouvuta mshipi mbali anapoutupa. Inzi wa bandia ni manyoya kidogo yaliyofungwa kwenye ndoano, hana uzito. Kwa hiyo ni mshipi wenyewe unaobeba uzito, kama mjeledi, na ndiyo maana haulingani unene kutoka mwanzo hadi mwisho. Kuelekea ncha unakuwa mwembamba polepole, ili inzi aguse maji bila kishindo.

Huo wembamba wa polepole uitweje? Kwanza nilifikiria "upungufu". Nikaufuta: mshipi wenye upungufu ni mshipi mbovu, mteja ataomba umrudishie pesa. "Uliochongoka" ni wa kigingi au penseli, wenye ncha ya ghafla. "Uliokonda" unaleta habari za ugonjwa.

Nikaona heri niulize. Jumamosi nilishuka ziwani na kipande cha mshipi wa namna hiyo nilichoazima. Mzee mmoja alikuwa ameketi juu ya jiwe, nailoni yake ameizungushia chupa tupu ya maji. Hakuniuliza ni kitu gani. Aliushika kati ya kidole gumba na cha shahada, akaufuata taratibu kuanzia nchani, akasimama mahali, akarudi nyuma kidogo, akaendelea. Halafu akasema: "Mwalimu, hii kamba iko na tumbo. Na tumbo yenyewe iko mbele."

Nilikuwa nimepekua kamusi siku tatu.

Basi "fuseau décentré" ni mshipi wa tumbo mbele. Uzito mwingi umekusanywa kwenye mita kama 10 za kwanza, nyuma yake inafuata sehemu nyembamba ndefu inayokimbia nyepesi. Huo unakwenda mbali na unavumilia upepo, kwa hiyo mtu anayesimama kando ya Kivu alasiri mpe huo. "Double fuseau" ni mshipi wa tumbo katikati: ncha zote mbili ni nyembamba, zimefanana. Unafaa mto mdogo, mahali pa kutupa karibu na kwa upole. Tena una faida ambayo mfanyabiashara hapaswi kuificha: upande mmoja ukichakaa, unaugeuza na kuanza upya na mwingine. Wa tumbo mbele haugeuziki.

Ukitaka kueleza ule wembamba wenyewe, usitafute nomino. Kiswahili kinapenda kitenzi: "mshipi unaopungua unene kuelekea ncha". Ni maneno matano, lakini hakuna atakayeuliza maana yake. Nawajua wenzangu ambao wangekutungia "mtaperi", kutoka "taper" ya Kiingereza, wakaenda kulala. Mimi siutaki.

Kwenye katoni utakuta pia WF5F au DT5F. Herufi ziache zilivyo, zinasomwa hivyo dunia nzima. WF ni tumbo mbele, DT tumbo katikati, F ya mwisho ni kwamba unaelea. Hiyo 5 wateja wataidhani ni unene au urefu, kumbe ni daraja la uzito: mita 9 za mwanzo za mshipi wa namba 5 zina gramu 9 hivi. Fimbo nayo imeandikwa namba, na inatakiwa ilingane na ya mshipi. Ukimuuzia mtu fimbo ya 5 na mshipi wa 8, usimlaumu akirudi amekasirika.

Kibao chako kiandike hivi: "Mishipi ya kuvulia kwa inzi bandia. Ya tumbo mbele na ya tumbo katikati." Ukipunguza bei, ongeza "imepunguzwa bei", usiandike "imepungua", maana hiyo tumekwisha kusema ni kazi ya ncha.