Risasi Zisikae Juani: Kwa Mnaoanza Kubeba Bunduki

Wewe mdogo wangu uliyetoka Mweka, chuo cha wanyamapori, na cheti, na wewe uliyeletwa na mjomba bila cheti, wote mtaanzia nilipoanzia mimi: kubeba bunduki ya mtu mwingine na kuhesabu risasi zake. Nyayo mtafundishwa. Upepo mtafundishwa. Baruti hakuna anayekaa chini kumfundisha mtu, kwa hiyo ngoja niseme.

Julai msimu wa uwindaji ukifunguliwa, asubuhi ya Arusha unavaa sweta na bado unakunja mikono. Kesho yake uko chini upande wa Ziwa Natron, jua linapenya hadi soli ya kiatu. Bunduki ni ile ile, risasi ni zile zile, lakini baruti iliyomo imebadilika tabia. Ikipata joto inaungua kwa kasi zaidi, na presha ndani ya chemba, pale risasi inapokaa kwenye bunduki, inapanda.

Mwaka wangu wa pili alikuja mgeni kutoka Marekani na risasi alizojijazia mwenyewe nyumbani kwake. Maganda yanang'aa, kila moja kaipimia baruti kwa mizani. Alizijaribu wakati wa baridi kule kwao, zikampendeza, akawa anaongeza kidogo kidogo hadi karibu na kikomo cha jedwali la vipimo vya baruti. Mimi nikaliweka boksi juu ya boneti ya Land Cruiser saa nne asubuhi, nikaenda kubandika karatasi ya shabaha. Tulikuja kupiga saa saba. Risasi ya kwanza ikalia, bolti, kile chuma kinachoifunga risasi kwa nyuma, ikagoma kunyanyuka. Mwindaji bingwa aliigonga kwa kiganja mara tatu ndipo ikaachia. Akaniwekea ganda mkononi: fataki, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, ambayo kingo zake huwa za mviringo ilikuwa imebapa kama shilingi, na kitako kina alama inayong'aa pale chuma kilipokisugua.

"Nani ameweka boksi juani?"

Nikanyamaza. Akaitazama shabaha, akasema, "Shukuru hiyo karatasi haina pembe."

Waingereza tatizo hili la joto lilishawasumbua zamani. Kodaiti yao, baruti ya mwaka 1889, haikupatana na joto, ndiyo maana risasi yao ya .416 Rigby ya mwaka 1911 ina ganda kubwa kuliko unavyotarajia: nafasi ni nyingi, presha inabaki chini, ganda linatoka bila kung'ang'ania. Kisha mwaka 1956 ikaja risasi ya .458 Winchester Magnum yenye ganda fupi. Baruti ikashindiliwa humo, na katika baadhi ya risasi za mwanzo ikashikamana kama sukari iliyopata unyevu. Haikuungua vizuri, risasi ikatoka haina nguvu, na anayelengwa ni nyati. Mtu akikusifia kwamba ganda lake limejaa pomoni, usipige makofi.

Kwa hiyo mgeni akifika, muulize kwa adabu kama risasi zake ni za kiwandani au za kujijazia. Zikiwa za kujijazia, bingwa aambiwe kabla hamjatoka kambini, kisha zipigwe mbili tatu kwenye karatasi mchana, jua likiwa kali, maana ndivyo zitakavyotumika. Anayejaza huanza na kipimo cha chini kabisa kwenye jedwali na kupanda polepole, na jedwali lenyewe huwa kwa greini, si gramu. Gramu moja ni greini zaidi ya 15. Nimewahi kumsikia kijana akizichanganya na mwili ukanisisimka. Nanyi msijaribu kujaza gereji kwa shemeji. Leseni ya kumiliki bunduki haikupi ruhusa ya kutengeneza risasi.

Kuna moja ambayo hata mbele ya bosi unapaza sauti. Ukisikia "puf" badala ya mlipuko, na bega la mgeni halikusukumwa, mwambie asimame hapo hapo. Kichwa cha risasi huenda kimekwama ndani ya mtutu, na risasi inayofuata itaupasua. Fungueni bunduki, toeni risasi zote, chungulieni mtutu kutokea nyuma. Ukisikia "tik" tupu, mtutu ubaki umeelekea pasipo na mtu kwa nusu dakika kamili. Baruti nyingine huchelewa kushika.

Siku hizi risasi zangu husafiri ndani ya kontena la soda, bila barafu, limefunikwa kanga ya mke wangu. Dereva analalamika kila msimu kwamba soda zake ni za moto. Ziko juu ya boneti.