Nyota zimekaa tu, kamera ya mbio ni ya nini?

SWALI: Sasa mhariri, niko hapa Kiamunyi, Nakuru. Binamu yangu alileta darubini ndogo tukashikilia simu pale kwa jicho tukapiga Jupita, ikatoka kama mandazi iliyoanguka kwa maji, inatetemeka tu. Halafu naskia wanasayansi wako na kamera za kupiga picha elfu moja kwa sekunde. Za nini na nyota haziendi popote? Na si picha ya haraka ndio huwa na chengachenga?

JIBU: Shida si nyota bana, ni hewa. Mabati yameota jua siku nzima, usiku yanatoa joto, hewa ya moto inachanganyika na ya baridi na mwanga unapindwapindwa kila baada ya milisekunde chache. Darubini kubwa ziko na kioo kinachojikunja kurekebisha hiyo, na kamera ndio inaambia kioo kijikunje vipi, sasa ikichelewa kidogo inarekebisha hewa iliyoshaenda.

Hapo kwa chenga ndio kuna utamu. Mwanga ukigonga pikseli unatoa elektroni, na lazima zihesabiwe. Konda akihesabu pesa polepole stejini anakosea bob mbili tatu, akihesabu mbio gari ikikata kona anakosea hata hamsini, na gari ikiwa na abiria mmoja hiyo hamsini imemeza nauli yote. CCD ya kawaida (chipu ya kamera inayonasa mwanga), ile Boyle na Smith walibuni 1969 wakapewa Nobel 2009, iko hivyo: ukiisoma mbio chenga zinaongezeka. EMCCD, aina ya CCD iliyoboreshwa, inazidisha kila elektroni mara mia kadhaa kabla haijahesabiwa, so kosa la hamsini halina maana tena. Lakini kule kuzidisha ni bahati nasibu, moja inatoa 300 ingine 1,800, na kwa kitu king'aavu ni kama umetupa nusu ya mwanga wako. Inapozwa pia mbali sana chini ya sifuri ya sentigredi, maana joto lenyewe linatoa elektroni za uongo.

sCMOS nayo, aina ingine ya chipu ya kamera, inapea kila safu ya pikseli konda wake, hakuna wa kukimbizwa, kosa ni kama elektroni moja au mbili. Mimi kwa kazi nyingi ningechukua hiyo.

Nyinyi hamhitaji hata moja, Jupita inang'aa vya kutosha. Pigeni video ya dakika mbili (isizidi sana, hiyo sayari inajizungusha kwa masaa kama 10 tu), muiweke kwa AutoStakkert, programu ya kompyuta ya bure, itachagua fremu zilizotulia na kuzipanga pamoja. Na ngojeni Jupita ipande juu kabisa, msiipige ikiwa bado iko juu ya mabati ya jirani.