Maswali ya Wasomaji: UVIKO-19 ilikuwa hatari kiasi gani?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mfanyabiashara wa dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Tangu mwaka 2020 nyumbani kwetu kuna ubishi usiokwisha. Kaka yangu anasema UVIKO-19 ilikuwa mafua tu na watu walitiwa hofu bure, kwa kuwa kati ya wavuvi wote anaofanya nao kazi hakufa hata mmoja. Mume wangu, aliyefiwa na baba yake mwanzoni mwa mwaka 2021, hataki kuyasikia maneno hayo, na siku hizi mashemeji hao wakikutana msibani kila mmoja hukaa upande wake. Nimesoma kwamba walikufa watu 3 katika kila wagonjwa 100, na pengine nikasoma kwamba hakufika hata 1. Mkweli ni nani? (Msomaji, Kibirizi)

JIBU: Mama, naomba kwanza umfikishie mumeo pole zangu, ijapokuwa miaka imepita.

Hesabu zote mbili ulizozisoma zina asili ya kweli, ila hazihesabu watu wale wale: ile ya 3 inahesabu wagonjwa walioripotiwa, na ile isiyofika 1 inahesabu wote walioambukizwa, hata wasiopimwa. Tarehe 3 Machi 2020 mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Dkt. Tedros Adhanom Ghebreyesus, alitangaza kwamba asilimia 3.4 hivi ya wagonjwa walioripotiwa duniani walikuwa wamefariki. Neno la kushika hapo ni “walioripotiwa”. Wewe unauza dagaa, kwa hiyo utanielewa upesi: ukitaka kujua mzigo wako umeharibika kiasi gani, huwezi kuhesabu visado vilivyorudishwa na wateja wenye malalamiko peke yake, kwani ukifanya hivyo utaamini kwamba karibu mzigo wote umeoza, ilhali magunia mengi yamefika salama na hakuna aliyekupigia simu kukuarifu. Miezi ile ya mwanzo vipimo vilikuwa vichache, na waliopimwa wengi walikuwa wale waliokwisha kulemewa. Katika meli ya Diamond Princess, iliyozuiliwa Yokohama, Japani, Februari 2020, ambako karibu watu wote walipimwa, 712 kati ya watu 3,711 walikutwa na kirusi, na karibu nusu yao hawakuwa na dalili yoyote siku ya kupimwa. Waliofariki hawakufika 2 katika kila walioambukizwa 100, ingawa abiria wengi walikuwa wazee.

Na hapo kwenye uzee ndipo ubishi wa nyumbani kwenu ulipo. Tafiti zilizokusanywa kabla ya chanjo kupatikana, nyingi zikiwa za nchi tajiri, zilikadiria kwamba kati ya vijana wa miaka 25 walioambukizwa alifariki takriban 1 katika kila 10,000, kwa wenye miaka 55 walifariki 4 hivi katika kila 1,000, na kwa wenye miaka 75 walikuwa kati ya 4 na 5 katika kila 100. Kirusi ni kile kile, lakini hatari inazidiana mara mamia kati ya mjukuu na babu wanaokula sahani moja. Kaka yako anawatazama vijana wanaovuta nyavu usiku kucha kwa mwanga wa taa. Mumeo anamkumbuka mzee wake. Kila mmoja amesema kweli juu ya alichokiona. Kosa la kaka yako, na ninalisema bila kumvunjia heshima, ni kuichukua mitumbwi ya Kibirizi akaifanya kipimo cha dunia nzima.

Liko jambo jingine ambalo wabishi wengi hulisahau: ugonjwa unaoua wachache katika kila mia unaweza kuzika watu wengi kuliko ule unaoua nusu ya wagonjwa wake, iwapo unaenea kirahisi na hakuna mwenye kinga. Ebola huua kwa wastani karibu nusu ya wanaoipata, na mlipuko uliozikumba Kivu Kaskazini na Ituri, Kongo, kuanzia 2018 hadi 2020 uliua watu 2,287. Kwa UVIKO-19, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika miaka ya 2020 na 2021 dunia ilipata vifo milioni 14.9 zaidi ya vile ambavyo vingetarajiwa, ilhali vilivyoripotiwa rasmi vilikuwa takriban milioni 5.4.

Nchini mwetu takwimu zilisimama Mei 2020 zikiwa wagonjwa 509 na vifo 21, na kwa zaidi ya mwaka hazikutolewa nyingine. Naamini hilo lilituumiza sana, kwa sababu pasipo hesabu ya wote kila mtu hubaki na hesabu ya mtaani kwake. Februari 2021 nilikaa kando ya kitanda cha mzee mmoja pale Ujiji. Mkewe alikuwa akimpepea kwa upindo wa kanga, naye mzee akitamka neno moja, anapumzika, kisha anatafuta la pili. Ombi la maji lilimchukua pumzi nne. Watu wakaita “changamoto ya upumuaji”. Alifariki bila kupimwa, na hayumo katika wale 21.

Chanjo, zilizozinduliwa hapa nchini Julai 2021, pamoja na kinga ya waliokwisha kuugua, zimeipunguza hatari hiyo sana, kwa hiyo msizitumie hesabu za 2020 kubishania leo.

SWALI: Je, mafua ya nguruwe ya mwaka 2009 hatukutishwa bure? (Msomaji, Kasulu)

JIBU: Yalitangazwa kuwa janga la dunia tarehe 11 Juni 2009, na mwaka uliofuata Baraza la Ulaya lililaumu kwamba hofu ilitiwa chumvi. Vifo vilivyothibitishwa maabara vilizidi kidogo 18,000. Utafiti wa mwaka 2012 ulikadiria kati ya 151,700 na 575,400. Hapa mambo yaligeuka: takriban asilimia 80 ya waliokadiriwa kufa walikuwa chini ya miaka 65, kwa kuwa wazee wengi waliwahi kuugua virusi vya ukoo huo walipokuwa watoto.