Re: Mdogo wangu hataki kuomba tena, nimwambie nini?
Bro umeuliza kama ile hoja ya "amini tu, Mungu asipokuwepo hujapoteza kitu, akiwepo umeepuka moto" itamrudisha mdogo wako. Itagonga mwamba. Hiyo ni ya Blaise Pascal, Mfaransa wa hesabu, ilichapishwa 1670 akiwa ashakufa, na swali la kwanza utaulizwa ni Mungu yupi, maana hapa Kisumu tu Msabato, muumini wa kanisa la Legio Maria na Muislamu kila mmoja ana masharti yake na huwezi kubeti wote watatu. Halafu kuamini si swichi, Pascal mwenyewe alijua, ndio akashauri mtu aanze kwenda ibada imani ije polepole. Mimi naomba kila siku na bado hiyo hoja hainishiki, inanuka biashara. Heri mjadiliane kwa nini kuna dunia badala ya kusiwe na chochote, hapo hata yeye atakuna kichwa. Lakini kumnyima ugali kwa sababu hakufunga macho mathee (mama yenu) akiomba, hapana, Katiba ya Kenya kifungu cha 32, cha uhuru wa dini na imani, inamlinda (najua mathee hasomi Katiba mezani). Muulize kwanza kama kuna kitu aliomba sana kikakosa kuja.