Kabla ya Kuwapima Wageni, Anzia Jikoni

Mwongozaji yeyote wa Kilimanjaro anajua kuwapima wageni jioni. Unapita na kipimo cha kidole, unaandika oksijeni na mapigo ya moyo, unauliza kama kichwa kinauma na kama chakula kimepita. Ninyi mnaoanza kazi hii, nawaomba kitu kimoja: mzunguko huo uanzie hema la jikoni, kwa wapagazi.

Mimi alinifunza kijana mmoja kambini Barafu, mita 4,673. Jua lilikuwa linazama, upepo unapiga mahema. Alikuwa amesimama nje ya jiko akihangaika na zipu ya koti. Mara ya kwanza ikamponyoka, ya pili ikamponyoka, ya tatu akaiacha akabaki anaitazama mikono yake. Nilipomwita alichelewa kugeuka. Nikachora mstari vumbini kwa fimbo. "Mdogo wangu, hebu pita hapa, kisigino mbele ya vidole." Hatua ya tatu akaenda mrama, nikamdaka.

Usidanganyike kwamba kuyumba kule ni uchovu. Aliyechoka, ukimketisha na kumpa chai, akiinuka anatembea sawasawa. Anayeyumba au kuongea mambo yasiyoeleweka huko juu, chukulia kwamba ubongo unavimba, na ashuke saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Walau mita 300, na zaidi kama njia inaruhusu, mpaka hali ibadilike. Asishuke peke yake kamwe.

Mapafu yakijaa maji utamjua kwa kuhema hata akiwa ameketi, kikohozi kisichokoma, midomo kugeuka bluu, na baadaye mate ya povu lenye wekundu. Huyu naye ashushwe, ila abebwe kwa machela ikiwezekana, kichwa na kifua vikiwa juu, na afunikwe vizuri, maana nguvu anazotumia na baridi vyote vinazidisha hali yake.

Oksijeni, na deksamethasoni (dawa ya kupunguza uvimbe wa ubongo) kwa aliyefundishwa kuitoa, humpa mgonjwa nguvu ya kustahimili safari ya kushuka. Akipata nafuu, bado anashuka.

Usiku ule kiongozi wetu alisema chupa ya oksijeni ni ya wageni. Mpaka leo nikikumbuka naumia. Tulibishana mbele ya mgonjwa, kisha nikaifungua. Tukamlaza kwenye machela ya gurudumu moja, tukaanza kuteremka kuelekea lango la Mweka, watu sita tukipokezana, taa za kichwani zikimulika mawe. Tulipokaribia kwenye miti alianza kujibu maswali yetu. Ndipo akasema kichwa kilimshika tangu Karanga, kambi iliyotangulia. Alinyamaza kwa sababu akirudishwa angekosa ujira wa siku zilizobaki, na pengine asingeitwa safari nyingine.

Kwa hiyo huduma ya kwanza kwa mpagazi inaanzia getini. Zungumza na ofisi mapema, mkubaliane kwamba anayeugua analipwa siku zake zote, kisha watangazie vijana wote wakiwa wamekusanyika, kabla mizigo haijapimwa. Bila hivyo kila ukiuliza utajibiwa "niko poa, bosi". Na msiseme wenyeji wamezoea mwinuko. Kuzaliwa Marangu, kwenye miteremko ya mlima, hakumkingi mtu, na wengi wetu tunalala Moshi mjini, chini ya mita 1,000, tukisubiri safari.

Baridi nayo huwaanza wao. Mpagazi amenyeshewa msituni, jasho limemtoka chini ya mzigo wa kilo 20, anafika anaketi chini kwenye udongo. Mvue nguo mbichi, mweke kitu kikavu chini yake kabla hata ya kumfunika juu, mfunike kichwa, na kama anameza vizuri mpe chai yenye sukari nyingi. Pombe hapana. Akiacha kutetemeka ilhali mwili bado ni wa baridi na ulimi mzito, hali imekuwa mbaya zaidi. Mlaze, msimtikise, ombeni msaada wa waokoaji.

Na beba daftari. Kila baada ya dakika 15 andika saa, mapigo ya moyo, pumzi kwa dakika, anajibu nini ukimuuliza jina lake na mahali alipo, dawa gani amepewa na kiasi gani. Karatasi hiyo ifungwe kwenye koti lake, kwa sababu watakaompokea chini hawakumwona alivyokuwa akihangaika na zipu.